Jinsi ya kupanga ziara ya Ngorongoro: ukingo, kreta na volkano jirani

Wengi hupanga safari ya Ngorongoro kwa kuhesabu wanyama watakaowaona. Ukianza na mlima wenyewe, mambo mengine hujipanga yenyewe. Palipo na bonde leo palikuwa na volkano kubwa ambayo, miaka kati ya milioni 2 na 3 iliyopita, ilimwaga rojo lake hadi tumbo likabaki tupu, kisha kilele kikatitia ndani. Kilichobaki ndiyo kreta, shimo lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya takribani kilomita za mraba 260. Ukingo uko kwenye mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na sehemu nyingine zaidi. Baridi, ukungu, barabara za mteremko na hata bei ya siku yako vinatokana na umbo hilo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuangalia udongo

Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Barabara ni kavu na nyasi ni fupi, hivyo wanyama huonekana vizuri, lakini usiku ukingoni Juni hadi Agosti ni wa baridi kali. Januari na Februari pia ni miezi mizuri, bonde likiwa bado kijani. Masika, Machi hadi Mei, yana wageni wachache, ila udongo wa huku ni majivu ya volkano: ukikauka huwa vumbi laini linaloziba chujio la hewa la gari, ukilowa huteleza vibaya. Kama ratiba yako ina volkano jirani za Olmoti au Empakaai, usiiweke Aprili.

Kumbuka pia kwamba upepo wa kutoka Bahari ya Hindi huacha mvua yake upande wa mashariki. Ndiyo maana geti la kuingilia la Loduare liko msituni, na ukivuka kwenda magharibi kuelekea korongo la Oldupai unakuta ukame na vumbi. Siku hiyohiyo moja utavaa koti zito asubuhi na kutafuta kivuli mchana.

Hatua ya 2: Hesabu saa 24 kabla ya kuhesabu fedha

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kibali cha kuingia Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro ni cha saa 24 tangu ulipopita geti. Ada ya kushuka kreta ni nyingine kabisa: hutozwa kwa gari, kwa kila mara unaposhuka. Maana yake gari lenye watu sita humpunguzia kila mmoja mzigo, na gari la watu wawili hulipa ada ileile.

Mpango tunaoupendekeza kwa anayetaka kreta peke yake ni huu. Ingia Loduare saa 8 mchana. Tumia jioni ukingoni, lala hukohuko, shuka alfajiri, panda saa 6 mchana, toka getini kabla ya saa 8. Umepata machweo, alfajiri na asubuhi nzima bondeni kwa kibali kimoja. Ukichelewa kutoka, utadaiwa kibali kipya, kwa hiyo jiachie angalau nusu saa ya akiba.

Anayetaka kubana matumizi zaidi hulala Karatu, nje ya hifadhi, ambako hakuna ada ya hifadhi ya kulala. Hasara yake ni kwamba geti hufunguliwa saa 12 asubuhi, na kutoka hapo hadi mteremko wa Seneto, wa kushukia kreta, ni kama saa nzima ukiwa umezungukwa na ukungu.

Hatua ya 3: Lipa na kusanya karatasi mapema

Getini hawapokei fedha taslimu. Pata namba ya malipo ya serikali, lipa benki au kwa simu, na hifadhi risiti kwenye simu na kwenye karatasi pia, maana mtandao wa simu hukatika ukingoni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini sana kuliko wageni wa nje, lakini kwa anayethibitisha uraia: kila mtu awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti mkononi. Ada hubadilika, mara nyingi mwaka wa fedha unapoanza 1 Julai, kwa hiyo bei aliyokutajia rafiki aliyekwenda mwaka jana isiwe msingi wa bajeti yako.

Hatua ya 4: Gari

Kutoka Arusha hadi Loduare ni lami, kilomita 160 hivi kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu. Gari dogo linafika getini bila shida. Kushuka kreta haliruhusiwi. Kinachohitajika ni gari linalovuta magurudumu yote manne. Jaza tangi Karatu, kagua tairi la akiba na jeki, na kagua breki kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Barabara ya Seneto, upande wa magharibi, ni ya kushuka tu. Ya Lerai, upande wa kusini, ni ya kupanda tu. Ya Sopa, mashariki, hutumika pande zote mbili na inamfaa aliyelala upande huo. Shuka ukiwa kwenye gia ndogo na uache injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto mpaka zinalegea, tena kwenye kona ambazo hazina pa kukimbilia. Ukiendesha mwenyewe, chukua muongoza watalii anayezijua njia za ndani.

Hatua ya 5: Asubuhi bondeni

Anza na eneo kati ya msitu wa Lerai na Ziwa Magadi la humo bondeni kabla jua halijawa kali. Faru weusi huonekana zaidi saa hizo, mara nyingi kwa mbali. Darubini ni ya lazima, kwani kutoka nje ya njia kumkaribia mnyama ni marufuku. Usimtafute twiga: hayupo kreta, na utamwona upande wa Oldupai. Lerai kwenyewe tazama tembo madume wazee wenye pembe ndefu.

Kushuka garini kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu. Ngoitokitok, penye chemchemi na viboko, ina vyoo na ndipo wengi hula. Kula ndani ya gari. Mwewe wa hapo hunyakua chakula mkononi na kucha zao hukata ngozi, watoto wakiwa hatarini zaidi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, basi funga chakula kwenye makopo, na kila taka irudi nawe.

Hatua ya 6: Ongeza siku ya volkano jirani

Mwenye siku ya pili tunamsihi asirudie kreta. Aende kijiji cha Nainokanoka, achukue askari mwenye silaha (bila yeye hakuna kutembea, kwani nyati wako vichakani), apande Olmoti. Ni mwendo mfupi hadi ukingo wa kreta yenye nyasi, na pale mto Munge unapoporomoka kwenye maporomoko. Maji hayo ndiyo yanayoshuka hadi Ziwa Magadi.

Empakaai iko mbele zaidi, na kilele chake kinazidi mita 3,000. Ndani kuna ziwa la magadi lenye kina cha karibu mita 80, na mara nyingi heroe pembezoni. Kushuka msituni ni kama dakika 45. Kupanda huchukua saa nzima au zaidi, na ndipo hewa nyepesi inapowachosha waliotoka pwani jana yake. Anza mapema, kila mtu na lita mbili za maji, viatu vyenye meno. Siku isiyo na mawingu, volkano ya Ol Doinyo Lengai huonekana kutoka ukingoni.

Njiani ni malisho ya Wamaasai, wanaoishi humu kisheria tangu eneo lilipotengwa na Serengeti mwaka 1959. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na pisha mifugo bila kupiga honi.

Ukiendelea Serengeti

Barabara inapita ndani ya Ngorongoro, hivyo kwenda ni kibali kimoja na kurudi kwa njia hiyo ni kibali kingine, hata kama husimami popote. Weka vyote viwili kwenye bajeti. Kwa kuwa umekwisha kulipa, tenga saa tatu kwa Oldupai: makumbusho, kisha Mchanga Unaohama, rundo la majivu meusi ya Lengai ambalo upepo hulisukuma takribani mita 17 kwa mwaka. Vigingi vinaonyesha lilipokuwa zamani. Usilipande, nyayo huvuruga umbo linaloufanya mchanga utembee pamoja.