Kifuniko si Kipimo: Andikeni Dawa Mnayopiga

Ukimuuliza mkulima wa Mwakirunge au Mtongwe, hapa Mombasa, msimu uliopita alipiga dawa gani ya wadudu, utaambiwa ile ya kifuniko chekundu, vifuniko viwili kwa bomba. Kosa hilo hulipiwa baadaye sana, kibarua anapoanza kutetemeka mikono na mtafiti wa afya anataka kujua alishika sumu gani, kiasi gani, kwa miaka mingapi. Hapo hakuna wa kumjibu.

Msitegemee hospitali. Kipimo cha damu cha kolinesterasi, kimeng'enya ambacho baadhi ya dawa za wadudu hukizuia, huonyesha sumu za jamii ya oganofosfeti na kabameti zilizoingia mwilini karibuni tu. Wiki au miezi ikipita, damu hurudi kawaida. Kumbukumbu nazo huegemea upande: mgonjwa hujikaza akumbuke kila bomba, mzima keshasahau. Na mwajiri akiandika "kibarua wa shamba" basi, mchanganya dawa na mpalizi huhesabiwa sawa. Hesabu huzimuliwa hivyo mpaka sumu inaonekana haina neno.

Daftari lijazwe siku hiyohiyo, kabla bomba halijaoshwa. Si mwisho wa mwezi! Nakili kutoka kwenye lebo kiambato amilifu, yaani ile sumu yenyewe inayofanya kazi, na nguvu yake. Jina la dukani pekee halitoshi. Pima kwa kikombe chenye alama za mililita. Dawa yenye gramu 50 za kiambato kwa lita, ukitia mililita 20 kwenye bomba la lita 20, bomba hilo limebeba gramu 1. Ukipiga mabomba 8, ni gramu 8.

Kisha andika nani alichanganya, nani alibeba, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, alivaa glavu au la, bomba lilimvujia mgongoni au la, nani alizibua nozeli. Utafiti ulioanza Marekani mwaka 1993, katika majimbo ya Iowa na North Carolina, ulikadiria makali ya sumu kwa kila mtu kwa maswali ya namna hii. Na akina mama wanaochuma mchicha kesho yake, mbona hamuwaandiki? Majani yenye dawa wanayashika wao, mikono mitupu.

Ukiweza kusoma daftarini nani alishika gramu ngapi masika ya mwaka juzi, umefaulu.

Msiliwashie moto msimu ukiisha, maana baadhi ya saratani huchukua zaidi ya miaka 10 kujitokeza. Kibarua akihama, mnakilie kurasa zake aende nazo.