Kabla ya kushtaki, tafuta mahakama: somo kwa wanaopitisha mizigo Kasumbalesa

Tuchukue mzigo mmoja tutembee nao. Mama mmoja wa Lubumbashi amenunua karo za sakafu China. Meli imezishusha Dar es Salaam, lori la kampuni ya Tanzania likazipakia, likavuka mpaka wa Tunduma, likapita Zambia yote hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo yetu. Hapa Lubumbashi makasha yanafunguliwa: karo nyingi zimevunjika. Nchi nne zimeguswa. Ashtaki wapi?

Wengi hujibu haraka: "Hapa kwetu, kwa sababu mimi ndiye niliyepata hasara." Inawezekana kweli ni hapa, lakini sababu si hiyo. Kabla jaji hajauliza nani ana haki, anauliza kama yeye ndiye wa kusikiliza. Anatafuta kiungo kati ya kesi na nchi yake, na kiungo kikikosa, faili inafungwa hata kama ushahidi wako umejaa meza. Ndiyo maana nawaomba mfuate hatua hizi kwa mpangilio, na mzifuate mapema.

Hatua ya 1: Soma kontra, yaani mkataba wenu, hasa nyuma ya karatasi. Tafuta sentensi inayosema ugomvi utapelekwa wapi. Huenda inataja mahakama ya mji fulani, au inasema ugomvi utaamuliwa na wasuluhishi binafsi ambao uamuzi wao unawafunga wote wawili. Kama ni usuluhishi, jaji wa kawaida atawarudisha huko mmoja wenu akidai hivyo. Kongo iliingia katika Mkataba wa New York wa 1958 kuhusu usuluhishi, na umeanza kufanya kazi kwetu tangu 2015. Zambia, Tanzania, China na Afrika Kusini nazo zimo. Kwa hiyo uamuzi wa wasuluhishi mara nyingi huvuka mpaka kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama.

Angalieni sana jambo moja hapa. "Sheria ya Uingereza itatumika" na "mahakama za Uingereza zitasikiliza" ni mambo mawili tofauti. Sentensi ya kwanza haimnyang'anyi jaji wa Lubumbashi kesi. Inamwambia tu sheria ipi asome. Watu wameacha madai yao kwa kuchanganya haya mawili, na inaniuma kila ninapoliona.

Hatua ya 2: Kama kontra iko kimya, tafuta kiungo. Kwa sheria yetu, mgeni anaweza kuitwa mbele ya mahakama za Kongo akiwa na makao au makazi hapa, au kama deni linalodaiwa lilizaliwa hapa, lilitekelezwa hapa au lilipaswa kutekelezwa hapa. Kesi ya kiwanja au nyumba iliyo hapa inasikilizwa hapa. Karo zilipaswa kukabidhiwa Lubumbashi: hicho ni kiungo, na ni kizuri.

Kwa mizigo ya barabara tuna msaada zaidi. Tangu Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi 17 zenye sheria moja ya biashara, ambao mahakama yake ya juu iko Abidjan. Sheria yake ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara inatumika hata kama nchi moja tu, ya kupakia au ya kukabidhi, ni mwanachama. Kama hamkuchagua mahakama, mdai anaweza kwenda katika nchi ambako mdaiwa ana makao au tawi lililofanya kontra, nchi ambako mzigo ulipokelewa na msafirishaji, au nchi ambako ulipaswa kukabidhiwa. Mama wa karo anaweza basi kubisha mlango wa Tribinali ya Biashara ya Lubumbashi.

Lakini muda ni mkali. Lazima kwanza umwandikie msafirishaji malalamiko ndani ya siku 60 baada ya kukabidhiwa mzigo, na kesi yenyewe ifunguliwe ndani ya mwaka 1, isipokuwa kama alifanya udanganyifu. Kumpigia dereva simu hakuhesabiki. Andika barua, na uweke nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Kumbuka pia kwamba karo zikiwa zilivunjika baharini, si barabarani, unashughulika na karatasi ya meli, yaani kontra ya safari ya baharini, na mara nyingi hiyo ina mahakama yake ya mbali. Kwa hiyo fungua na piga picha kila mzigo unapobadilisha mikono.

Hatua ya 3: Uliza mali yake iko wapi. Hatua hii watu huiruka, na kwangu ndiyo inayoamua. Unashinda Lubumbashi, kampuni haina hata ofisi hapa, malori yake yote na akaunti zake ziko Dar es Salaam. Tanzania na Zambia hazimo OHADA, na hukumu yetu haiingii huko yenyewe. Unahitaji kesi nyingine ya kuifanya ikubaliwe. Kama mali yote ya mdaiwa iko Tanzania, pengine ni heri kuanzia huko. Kama malori yake hulala Kasumbalesa upande wetu, anzia hapa.

Nasi vilevile hatukubali hukumu ya nje bila kuichunguza. Sheria ya 11 Aprili 2013 kuhusu mahakama inaipa Tribinali Kuu, ile ya grande instance, kazi ya kuipa nguvu hukumu ya nje, na inatazama mambo 5: isipingane na misingi ya sheria na maadili ya umma ya Kongo, iwe ya mwisho kwa sheria ya kule ilikotoka, nakala iwe halali, haki ya kujitetea iwe imeheshimiwa, na mahakama ya kule isiwe imejipa mamlaka kwa sababu tu ya uraia wa mdai.

Hatua ya 4: Ukiwa wewe ndiye uliyeitwa, pinga kwanza mamlaka ya jaji, yaani haki yake ya kusikiliza kesi hiyo. Pingamizi la mahali pa kesi linatolewa mwanzoni kabisa. Ukianza kueleza kwamba mzigo ulikuwa mzima, umeshamkubali jaji.

Sasa jambo la majaji wenyewe. Kwetu, tuliorithi mapokeo ya Ubelgiji, jaji ana mamlaka au hana. Majaji wa mapokeo ya Kiingereza wana swali la ziada: hata nikiwa na mamlaka, je, kuna mahakama nyingine inayofaa zaidi? Kesi mbili za eneo letu zinaonyesha uzito wa swali hili.

Ya kwanza ni Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Oktoba 2004 jeshi lilirudisha mji huo kutoka kwa kikundi kidogo cha waasi, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema watu zaidi ya 70 waliuawa. Jeshi lilitumia magari ya kampuni ya madini ya Anvil Mining. Kampuni ilisema ililazimishwa kuyatoa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi iliwaachilia wafanyakazi wake walioshtakiwa. Familia zikaenda Kanada. Aprili 2011 jaji wa jimbo la Quebec alisema kesi inaweza kusikilizwa huko. Januari 2012 Mahakama ya Rufaa ilikataa: ofisi ya Montréal ilifunguliwa baada ya mauaji, kwa hiyo kesi haikuhusiana na kazi za kampuni Quebec, na haikuthibitishwa kwamba milango ya Kongo na Australia ilikuwa imefungwa. Mahakama Kuu ya Kanada haikutaka kulifungua tena. Familia hizo hazikuambiwa kwamba zimesema uongo. Ziliambiwa si hapa.

Ya pili ni Chingola, ng'ambo tu ya Kasumbalesa. Wanakijiji 1,826 wa Zambia walishtaki London kampuni ya Vedanta na kampuni yake ya Konkola Copper Mines kwa madai ya kuchafua maji yao. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikiri kwamba Zambia ndiyo mahali panapofaa, lakini ikaona hatari ya kweli kwamba huko wasingepata haki: walikuwa maskini mno kulipia kesi kubwa kiasi hicho, na mawakili wenye uzoefu na uwezo wa kuibeba walikosekana. Kesi ikabaki London, na mwaka 2021 pande zote zikamalizana nje ya mahakama. Mimi nasema jaji wa London aliuliza swali ambalo Kilwa ilistahili kuulizwa kwa uzito uleule: mlango huo mwingine mnaowaonyesha, wana nguvu ya kuufikia?

Maswali ya wanachama

*Papa mwenye malori, Kasumbalesa: Maître, mteja amenishtaki Ndola, kule Zambia. Nikikaa kimya si watashindwa kunifikia?*

Papa, malori yako yanapita Ndola. Hukumu inaweza kutolewa bila wewe, na lori likakamatwa barabarani. Weka wakili wa huko, apinge mamlaka mwanzoni kama kuna sababu. Na ukiwa uliitwa vizuri ukakataa kwenda, itakuwa vigumu baadaye kumwambia jaji wa hapa kwamba hukupewa nafasi ya kujitetea.

*Mama wa Katuba: Sisi tulielewana kwa WhatsApp tu, hakuna kontra. Niko na kesi?*

Uko nayo, Mama. Katika sheria ya OHADA kontra ya mauzo kati ya wafanyabiashara inaweza kuwa ya mdomo, na inathibitishwa kwa njia yoyote. Usifute ujumbe. Ule unaosema "nitakuletea mpaka Lubumbashi" una thamani kubwa, kwa maana unaonyesha mahali pa kukabidhi.

*Mwanafunzi wa sheria: Kwa nini mahakama ya La Haye ilisikiliza kesi yetu dhidi ya Uganda lakini ikakataa ya Rwanda?*

Hiyo ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayoamua ugomvi kati ya nchi na nchi, na kwake mamlaka hutokana na ridhaa. Uganda ilikuwa imetangaza tangu 1963 kwamba inakubali mamlaka ya mahakama hiyo, na Zaire, yaani Kongo ya wakati ule, ikafanya hivyo 1989. Hukumu ikatoka Desemba 2005, na fidia ya dola milioni 325 ikapangwa Februari 2022. Rwanda haikuwa imetoa tangazo kama hilo, na ilikuwa imejitoa kwenye kifungu cha Mkataba wa Mauaji ya Kimbari kinachopeleka ugomvi huko. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama ikasema haina mamlaka, na ikakumbusha kwamba kutokuwa na mamlaka hakuiondolei nchi yoyote wajibu wake.

*Baba wa familia karibu na mgodi: Njia ya London bado iko wazi kwetu?*

Imebana, Papa. Kesi ya Chingola haikupita kwa sababu ya umaskini wa wanakijiji peke yake: kwa upande wa Vedanta, sheria ya Ulaya ilimkataza jaji wa Uingereza kuiondoa kampuni ya nyumbani kwake na kuipeleka nje ya Ulaya. Uingereza ilitoka katika mpango huo mwisho wa 2020, hivyo jaji wa London anaweza tena kusema Kongo inafaa zaidi, na nyinyi mtalazimika kuonyesha kwamba hapa hamtapata haki. Kwa kampuni yenye makao Uholanzi, Ufaransa au Ubelgiji, katazo lile bado lipo. Kwa hiyo anzeni na jina kamili la kampuni mama na nchi ilikoandikishwa, kisha leteni pamoja na tarehe za vipimo vya maji, kama vipo.