Kuzoa taka kijijini: tulivyoanza Uru, hatua kwa hatua

Kikundi chetu kinazoa taka za kaya 140 katika vitongoji viwili vya Uru, juu ya mji wa Moshi. Mimi ni katibu na ndiye ninayeshika daftari, kwa hiyo lawama zote huanzia kwangu. Vijana wa vijiji vingine wakinipigia, swali la kwanza ni lilelile: guta mlinunua shilingi ngapi? Guta ni pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na hilo ni swali la mwisho. Na sisi tulianza nalo, ndiyo maana miezi mitatu ya kwanza ilituaibisha.

Hatua ya 1: Jua utamwaga wapi

Usipokee hata salfeti moja kabla hujajua inakwenda kuishia wapi.

Sisi tulikuwa na shimo. Mzee mmoja alikuwa na shimo la zamani walikochimba moramu, udongo wa kutengenezea barabara, pembeni ya mfereji wa kumwagilia mashamba, akatuambia tulijaze tu, juu atapanda migomba. Tukamwaga Januari, tukamwaga Februari. Mwezi wa tatu masika yakafika. Asubuhi moja mzee wa kamati ya mfereji akasimama uani kwangu ameshika kijiti, na kwenye ncha ya kijiti inaning'inia pampasi inayovuja maji. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba akasema, "Katibu, hii imeziba lango la maji. Zipo nyingine kumi na moja." Alikuwa amezihesabu.

Tulikaa siku mbili tukiopoa, wenyewe kwa koleo na mikono, na watu wa chini ya mfereji waliokuja kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakitutazama bila kusema kitu. Heri wangetutukana. Baadaye ndipo bwana afya wa kata akanionyesha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Shimo letu nililipima kwa miguu: hatua kumi na nane tu toka kwenye maji.

Kwa hiyo nendeni dampo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wakataliwe getini. Vijiji vya Uru viko Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, lakini dampo la mjini ni la Manispaa ya Moshi. Hizo ni mamlaka mbili. Ni hivyo hivyo kwa walioko Ngaramtoni au Usa River wanaotaka kupeleka taka Jiji la Arusha: Ngaramtoni ni ya Halmashauri ya Arusha, Usa River ni ya Meru, na dampo la jiji ni la jiji. Andikeni barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata hadi kwa mkurugenzi wenu, ili yeye ndiye azungumze na mwenzake. Mseme mtaleta taka za aina gani, kwa chombo gani, mara ngapi kwa mwezi. Jibu likija, toa kopi tatu. Moja ikae kwa dereva siku zote.

Hatua ya 2: Pima taka zenu, si za mjini

Mjini gari la taka linabeba maganda ya ndizi. Huku kwetu ukibeba maganda ya ndizi umemnyang'anya ng'ombe chakula. Kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kina utaratibu wake tangu enzi za mababu: majani na maganda kwa ng'ombe na mbuzi, samadi kwenye shina la mgomba, machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa nguruwe, majivu ya jikoni kwenye bustani. Kinachobaki nje ya mzunguko huo ndicho taka, na kimeingia juzi juzi tu: plastiki, pampasi, chupa zilizovunjika, betri za tochi, nguo zilizochoka.

Chagueni kaya kumi zisizofanana: yenye mtoto mchanga, yenye duka, ya wazee wawili, ya mwalimu aliyepanga. Kila moja ipewe salfeti tatu: ya vinavyooza, ya vinavyouzika na ya vya kutupa. Baada ya siku saba mpite mkapime. Sisi tuliazima mizani ya kahawa kwenye chama cha msingi, maana haukuwa msimu.

Salfeti ya vinavyooza ilinifurahisha. Siku ya pili tu imejaa, na mama wa kaya ya kwanza akaniuliza, "Hii tunaikalia ya nini, na ng'ombe analia njaa?" Nikamwambia ampe ng'ombe. Salfeti ya tatu, kwa nyumba isiyo na mtoto mchanga, haikufika nusu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatuhitaji kupita kila wiki kama mjini. Kilichooza kikibaki nyumbani, kinachobaki ni kikavu, hakinuki, kinaweza kusubiri. Tunapita mara mbili kwa mwezi, na gharama yote imeshuka nusu kwa sababu ya salfeti moja ambayo hatuibebi.

Vinavyouzika havihitaji maelezo marefu. Chupa za maji na soda zinanunuliwa kwa kilo mjini, na bei hupanda na kushuka. Zikandamizwe, vizibo vitolewe vikae peke yake kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine, za rangi zisichanganywe na nyeupe. Vyuma chakavu wanavifuata wenyewe hadi mlangoni, wala msijipe kazi hiyo.

Hatua ya 3: Mkutano

Anzieni halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari uandikwe, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, upigwe muhuri. Mkitaka faini kwa wanaotupa ovyo, hiyo lazima iwe sheria ndogo: kijiji kinapendekeza, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kabla ya idhini hiyo huna ruhusa ya kumtoza mtu hata mia. Kuna kijiji jirani walikimbilia faini, wakaishia kurudisha hela za watu mmoja mmoja.

Mkisimama mbele ya watu, msianze na neno mazingira. Wameshalisikia, wamelichoka. Sisi tulimwomba mchinjaji aongee. Akaeleza anachokikuta tumboni mwa ng'ombe wa ndani: kamba za salfeti na mafundo ya nailoni, yameshikana kama mpira wa watoto. Ng'ombe wetu hatoki bandani, anakula unachomletea, na majani yakikatwa pembeni ya barabara yanakuja na kila kitu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ni kweli, lakini vifungashio vya karanga na barafu bado vimejaa njiani. Mchinjaji hakumaliza hata dakika tano. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Sasa tunalipa kwa nani?"

Baada ya mkutano fuateni jumuiya. Huku kwetu watu wasiofika mkutano wa kijiji hata kwa tarumbeta wanafika jumuiya ndogo ndogo za Kanisa Katoliki kila wiki. Kule kwenye Walutheri wengi, ombeni nafasi kwenye matangazo ya usharika. Tangazo liwe fupi: siku gani, saa ngapi, salfeti iwekwe wapi.

Sajilini kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Mkishasajiliwa mnaweza kuomba mkopo usio na riba wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ushauri wangu, msikope kabla hamjamaliza nusu mwaka mkikusanya ada. Deni halisubiri majirani wajifunze kulipa.

Hatua ya 4: Bei

Tulikubaliana 2,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya 140 ni 280,000, na hapo ndipo vikundi vingi hujidanganya. Pigeni hesabu kwa theluthi mbili, maana ndio watakaolipa mwezi wa kwanza: kaya 93, sawa na 186,000. Guta la kukodi safari mbili kwa 30,000 ni 60,000. Wazoaji wanne, 10,000 kwa siku, siku mbili, ni 80,000. Glavu, sabuni na salfeti, 20,000. Zinabaki 26,000 za ushuru wa dampo na dharura. Kama kwenu hesabu hii haifiki, pandisheni bei mkutanoni kabla hamjaanza. Kupandisha mwezi wa pili ni ugomvi.

Pesa ziingie kwa simu, kwenye laini ya kikundi na si ya mtu, na anayelipa taslimu apewe stakabadhi hapo hapo. Bibi anayeishi peke yake hatumdai. Mwenye duka analipa 5,000, na msimbembeleze, maana nusu ya plastiki ya kitongoji imetoka kwenye rafu yake.

Hatua ya 5: Guta na njia

Sasa guta. Kodini kwanza. La kununua linataka tairi, breki, leseni, bima na mahali pa kulala, na linakaa bure siku ishirini na nane za mwezi.

Safari yetu ya kwanza tulianzia chini, kwa sababu dereva alitokea chini. Tulipofika kwenye kona ya mteremko mkali mzigo ulikuwa umejaa nyuma, na guta likanyanyua tairi la mbele polepole kama mtu anayeinuka kitini. Dereva amekamata usukani hewani. Vijana wawili wakarukia mbele kulikalia hadi likatulia, na salfeti sita zikabingirika hadi kwenye kahawa ya watu. Tangu siku hiyo guta linapanda tupu mpaka nyumba ya juu kabisa, linapakia likiteremka, na mzigo mzito unakaa karibu na dereva. Turubai na kamba ni lazima.

Nyumba zilizo mbali na barabara zishushe salfeti hadi njia panda. Tulipanga vituo tisa, kila kimoja kikiwa na nyumba ya mtu mwaminifu anayekiangalia. Wakati wa masika udongo ukiteleza, ahirisheni kwa siku mbili na mtume ujumbe jioni ya kuamkia siku hiyo, si asubuhi watu wameshatoa salfeti nje na mbwa wameshazipasua.

Hatua ya 6: Siku ya kuzoa

Gambuti, glavu nzito, ovaroli. Glavu za upasuaji hazifai, chupa inazipita. Kila mzoaji apate chanjo ya pepopunda, na muulizie zahanati kuhusu ya homa ya ini pia. Salfeti ibebwe kwa kushika juu, isiegemezwe pajani wala mgongoni. Kijana wetu mmoja aliitupia begani kama gunia la mahindi, wembe ukamchana juu ya bega. Tangu hapo nyembe na sindano za wenye kisukari zinawekwa kwenye chupa ngumu ya plastiki, kizibo kimefungwa, na chupa hiyo inakwenda zahanati, haipandi guta.

Msichome. Mtu atawaambia kiberiti ni bei rahisi kuliko dampo. Moshi wa plastiki una sumu, na kwenye vihamba vilivyobanana hivi unaingia moja kwa moja jikoni kwa jirani.

Hatua ya 7: Pampasi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza, pampasi ikunjwe, ifungwe, iingie salfeti yake yenye kitambaa chekundu. Isitupwe ndani ya choo cha shimo: haiozi, inavimba, na choo kinajaa kabla ya wakati wake.

Ugumu si kufunga, ni aibu na hofu. Kina mama wengine hawataki kitu cha mtoto kipite mikononi mwa watu wasiowajua, na wapo wanaoamini ikichomwa mtoto atatoka vipele. Msibishane nao. Sisi tuliahidi mambo mawili: salfeti nyekundu anaifunga mama mwenyewe, na sisi hatuifungui mpaka dampo. Pia tulimweka mama mmoja wa makamo kuwa ndiye anayezipokea. Mwezi uliofuata salfeti nyekundu ziliongezeka kutoka nne hadi kumi na tisa. Na wagonjwa wazee wanaotumia pampasi za watu wazima, ambao hakuna aliyekuwa amewataja mkutanoni, nao wakajitokeza.

Hatua ya 8: Desemba

Kuanzia katikati ya Desemba watu wanapanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza, kila boma limejaa magari, na taka zinajaa kuliko masika yalivyojaza mfereji. Ongezeni safari moja tarehe 27 na nyingine baada ya mwaka mpya, na mmwekee dereva nafasi mapema, mwezi wa kumi na moja, maana sikukuu naye ana kwao.

Sherehe za harusi, ubatizo na kipaimara tunazitoza 20,000, zilipwe kabla ya siku, na mwenye shughuli anapewa salfeti kumi za kuweka nyuma ya turubai la jikoni. Msiba hatutozi. Anayepokea wageni wa Krismasi anaongeza 3,000 na mimi naandika kwenye daftari: jina la boma, salfeti ngapi, kalipa au bado. Ukurasa wa Desemba iliyopita una mistari ishirini na mbili yenye neno "bado", na kumi na tano kati yao ni magari yenye namba za Dar.