Namna ya Kusawazisha Vipimo vya Utimamu wa Mwili na Utoaji wa Alama Chuo Kikuu

Alama ya elimu ya viungo haiwezi kuwa ya haki ikiwa kipimo kinabadilika kila anapobadilika msimamizi. Kwa hiyo, kabla mwanafunzi yeyote hajakimbia, idara iandike mwongozo mmoja wa upimaji utakaowafunga wakufunzi wote.

Kwa kila sifa ya mwili, chagueni kipimo kimoja tu. Ustahimilivu wa moyo na mapafu, kwa mfano, unaweza kupimwa kwa mbio za dakika 12 alizozieleza daktari Mmarekani Kenneth Cooper mwaka 1968, au kwa mbio za kwenda na kurudi za mita 20, ambazo kasi yake huongezeka kwa kufuata mlio uliorekodiwa. Mwongozo utaje aina ya uwanja, wakati wa siku, muda wa kupasha mwili moto, na hata kama mkimbiaji ataarifiwa dakika zilizobaki, kwa sababu anayejua muda wake hupanga kasi vizuri zaidi.

Mabishano makubwa huzuka kwenye pushapu. Elezeni kifua kishuke hadi wapi, viwiko vinyooke kiasi gani, na kama kupumzika katikati kunaruhusiwa. Kisha wakufunzi wawili wahesabu kundi lile lile bila kuonyeshana karatasi zao. Hesabu zikitofautiana, maelezo ndiyo yenye kasoro, nayo yarekebishwe kabla ya mtihani wenyewe.

Dodoso la afya lijazwe mapema, na wenye ulemavu au maradhi wapewe vipimo mbadala vilivyokwisha kuandikwa, visivyotegemea huruma ya mkufunzi wa siku hiyo.

Katika kutoa alama, viwango vilivyotangazwa mwanzoni mwa muhula, vikizingatia umri na jinsia, ni bora kuliko kuwapanga wanafunzi kwa kuwalinganisha wao kwa wao. Kutoa alama zote kwa kuangalia maendeleo ya mwanafunzi kunavutia, lakini humshawishi mwanafunzi kuzembea makusudi katika jaribio la kwanza, na humwonea aliyekuja akiwa tayari imara. Kwa maoni yangu, matokeo ya vipimo yasizidi theluthi moja ya alama. Zilizobaki zitokane na mpango wa mazoezi aliouandaa mwanafunzi, kumbukumbu za utekelezaji wake, na uelewa wake wa nadharia. Anayekosa daraja kwa tofauti ndogo kuliko ile iliyoonekana kati ya wahesabuji wawili arudie kipimo, chini ya msimamizi mwingine.