Kabla ya Kwenda Kutazama Michoro Paris

Tiketi ya jumba la makumbusho la Louvre inunue mtandaoni siku kadhaa kabla. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, maana utashinda umesimama juu ya sakafu ngumu. Angalia na siku za mapumziko za majumba ya michoro: Louvre na Orangerie hufungwa Jumanne, Orsay na Marmottan Monet hufungwa Jumatatu.

Kubwa kuliko yote ni kujua mtindo unaoutaka umehifadhiwa katika jumba gani, na jambo hili nililijua baada ya kumkosesha dada yangu alichokitamani. Dada amefundisha uchoraji sekondari kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo alitunza ukurasa aliokata gazetini, uliokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kutoboka. Una mchoro wa Claude Monet wa mwaka 1872: bandari ya Le Havre alfajiri, jua la rangi ya chungwa ndani ya ukungu, na mashua nyeusi mbele yake. Mchoro huo ndio ulioupa jina mtindo wa impreshonizimu, yaani kuchora mwanga na mandhari kama yanavyoonekana kwa mtazamo wa haraka, ulipoonyeshwa mwaka 1874. Tulikuwa na siku moja tu, nami niliyejitwika kupanga safari nikampeleka Louvre, nikiamini kwamba kila mchoro mashuhuri uko pale. Tulizunguka hadi mchana ndipo mlinzi mmoja akatueleza kwamba michoro ya humo huishia katikati ya karne ya 19, na wachoraji waliofuata tukawatafute ng'ambo ya mto Seine, katika jumba la Orsay ambalo zamani lilikuwa stesheni ya treni. Huko kazi za Monet zilikuwa nyingi, lakini ile ya alfajiri haikuwamo. Iko Marmottan, magharibi mwa jiji. Tulipofika, dirisha la tiketi lilikuwa limekwisha kufungwa. Dada hakunilaumu. Aliukunja ukurasa wake, akaurudisha mkobani, na usiku ule ule tukapanda treni ya kurudi.

Basi andika orodha yako kwanza. Wachoraji David na Delacroix wako Louvre. Courbet, Manet na Van Gogh utawakuta Orsay. Michoro mikubwa ya Monet ya mayungiyungi, maua ya majini, iko Orangerie, katika kumbi mbili za umbo la yai zilizofunguliwa mwaka 1927. Kisha hakikisha kwamba mchoro wenyewe uko ukutani siku hiyo, kwa kuwa majumba huazimana kazi na vyumba hufungwa kwa ukarabati.

Ukifika mbele ya Monet, usisogee upesi. Kwa karibu utaona madoa ya brashi tu. Rudi nyuma hatua tano uyaone maji yakitikisika. Usiguse fremu, na zima mwanga wa kamera. Mona Lisa, mchoro mashuhuri wa Louvre, ana sentimita 77 kwa 53 tu na umati wake hauishi, kwa hiyo mshike mtoto mkono, mkoba uweke kifuani, na tiketi usinunue kwa mtu wa njiani, hata akikuonyesha kitambulisho.