Jinsi ya kuomba mtaro wa maji ya mvua kwenye Baraza lako, Unguja na Pemba

Maombi mengi ya mtaro huandikwa mwezi wa Aprili, maji yameshaingia ndani na godoro liko juu ya kabati. Hakuna wakati mbaya wa kuandika kama huo. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na bajeti husomwa Baraza la Wawakilishi mwezi wa Mei na Juni, kwa hiyo barua ya Aprili inafika mezani makisio yameshapangwa. Ukibahatika utaletewa watu wa kuzibua. Mtaro wenyewe utasubiri mwaka mwingine.

Mwenye kutaka mtaro hasa huyatazama maji wakati wa masika, hukusanya karatasi zake kipupwe kikiingia, huhakikisha tena mvua za vuli zikianza, kisha hupeleka. Mimi nasema mwezi wa Novemba usikupite na barua ingali mkononi.

Jua kwanza unamwomba nani

Mitaro ya mitaani na usafi wake ni kazi ya serikali za mitaa, zinazoendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014. Kwa walio mjini Unguja hiyo ni Manispaa ya Mjini, Magharibi A au Magharibi B. Pemba ni Mabaraza ya Mji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, na watu wa Micheweni wana halmashauri yao. Chochote kati ya hivyo kinachokuhusu ndicho ninachokiita Baraza hapa. Mtaro uliopo ubavuni mwa barabara kuu ya lami ni wa wakala wa barabara, na bomba la maji safi lililopasuka na kufanya dimbwi ni la ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar. Watu huzungushwa miezi kwa kuwa walianza mlango usio wao, kwa hiyo kama hujui barabara yenu ni ya nani, muulize sheha kabla hujashika kalamu.

Fuata maji kwa miguu

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa. Siku ya mvua kubwa vaa viatu vya mpira, toka, uanze pale maji yanapoanzia, si pale yanapokukera. Nyumba yako huenda ni kituo cha katikati tu. Maji yanatoka kiwanja cha skuli, au uwanja wa msikiti uliopigwa saruji mwaka jana, au mtaa wa juu ambako kila mtu ameelekeza mfereji wa paa lake njiani. Piga picha, na kwenye kila picha pawe na kitu cha kupimia: mtu mzima amesimama, baiskeli, mlango. Maji yakikauka, weka alama ya chaki kwenye ukuta pale yalipofika.

Kisha hesabu. Paa la mita 10 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Mtaa wenye mapaa 60 ya namna hiyo ni lita 300,000, na hapo hujatia barabara wala nyua zilizosakafiwa. Ukiiandika hesabu hii kwenye barua, mhandisi wa Baraza ataacha kukufikiria kalvati ya inchi sita.

Mjini Unguja kuna jambo zaidi la kuangalia. Mitaro mikubwa iliyojengwa chini ya ZUSP, mradi wa huduma za miji Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imeshapita katika sehemu kadhaa za Ng'ambo. Ikiwa mmoja wao uko karibu, ombi lenu huenda likawa la kuunganishwa tu, na kuunganishwa ni rahisi kuliko kujengewa. Na mkikaa bondeni, waulizeni wazee njia ya zamani ya maji. Mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa zamani, lakini maji ya mvua hayakupewa habari, bado yanajaribu kuteremka kulekule.

Pemba ni vilima na mabonde, na udongo wake mwingi haunywi maji haraka. Shida ya huko ni kasi: mtaro wa udongo kwenye mteremko hugeuka korongo kwa misimu michache, na tope lote huishia kwenye mpunga au kwenye mikoko. Kwa hiyo wa Pemba asiombe mtaro peke yake, aombe na ngazi za mawe za kuyavunja nguvu maji.

Maji yataishia wapi?

Kama barua yako haijibu swali hili, usiipeleke. Baraza halitajenga mtaro wa kuyahamishia mafuriko kwa jirani wa pili, na likijenga litashtakiwa.

Unguja kuna jawabu moja la haraka ambalo hupendwa sana, nalo ni baya: kuyaelekeza maji kwenye pango au kisima kikuukuu, yakazama, yakapotea. Hayapotei. Mwamba wetu ni wa matumbawe, una nyufa na mapango, na maji tunayokunywa yanatoka humohumo chini, kwenye visima na chemchemi. Maji ya mtaro yana mafuta ya magari, kinyesi cha mbuzi na, tuseme ukweli, maji ya makaro. Kwenye udongo yangepenya polepole na kuchujika kidogo. Kwenye ufa wa jiwe yanashuka kama yalivyo mpaka kisimani kwa watu. Ndiyo maana maradhi ya kuharisha yanaandamana na mvua.

Jawabu zuri ni mtaro mkubwa uliopo, mto, bonde lenye nafasi ya kutuama, au bahari. Popote utakapopendekeza, ombeni pia chemba ya kunasa mchanga na chujio la vyuma kabla ya mwisho wa mtaro. Ikiwa maji yatatokea pwani penye mikoko au mashamba ya mwani, wakulima wa mwani waitwe na wasikilizwe mapema, wengi wao ni kina mama na tope likiwaharibia hawana pa kulalamikia. Mradi mkubwa wa aina hii utapitia pia kwa ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira, na Baraza ndilo litakaloanzisha hilo.

Kisima kilicho njiani

Kama kuna kisima cha watu karibu na njia ya maji, pateni kipimo. Kipimo kinabadilisha sura ya ombi: kero ya mtaa inakuwa hatari ya afya. Ulizeni ZAWA au afisa wa afya wa wilaya utaratibu wa kupima na ada yake, na mwombe chupa iliyotakaswa kutoka maabara. Usitumie chupa ya maji ya dukani. Usiisuuze chupa, usiguse ndani ya kifuniko, itie kwenye ndoo yenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo, kwani sampuli ya vijidudu iliyolala haiaminiki. Pimeni mara mbili, wakati wa ukavu na baada ya mvua kubwa. Karatasi mbili zikiwekwa pamoja hazihitaji maelezo.

Pimeni kwa tepu pia umbali wa kila choo mpaka kisimani. Mita 30 ndicho kiwango kinachotajwa mara nyingi, lakini kwenye mwamba wenye nyufa hata mita 30 si amani.

Kwa sheha, na kwa wenye viwanja

Nendeni kwa sheha mkiwa watatu au wanne, na picha mkononi. Mwombeni aitishe mkutano wa mtaa, tangazo litolewe msikitini baada ya sala, na kina mama wajulishwe kwa njia yao maana wao ndio wanaoyajua maji kuliko sisi. Kumbukumbu ya mkutano iandikwe, na watakaosaini waweke namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.

Ugumu uko kwa wenye viwanja. Mtaro ukipita uani kwa mtu, pateni ridhaa yake kwa maandishi, mbele ya sheha, hata kama ni ami yako. Neno la mdomo hufa mara tu gari la mawe linapofika. Kumbukeni kwamba kwetu mwenye kiwanja na mwenye miti wanaweza kuwa watu wawili, basi waulizwe wote. Na Pemba, kama njia inagonga mkarafuu, ipindisheni. Kukata mkarafuu bila ruhusa ni kosa kisheria, na ombi lenu litakwama hapo.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Unaweza kuanzia hapa:

*Mkurugenzi,*
*Baraza la Mji ……*
*Kupitia kwa Sheha, Shehia ya ……*

*KUH: OMBI LA MTARO WA MAJI YA MVUA, MTAA WA ……*

*Tafadhali husika na mada iliyo hapo juu.*

*Sisi wakaazi wa mtaa uliotajwa tunaomba kujengewa mtaro wa urefu wa mita …… kuanzia …… hadi ……. Maji yanatoka …… na kwa sasa yanapita ……, ambako nyumba …… huingia maji wakati wa masika. Kisima cha …… kipo mita …… kutoka njia hiyo, na majibu ya kipimo yameambatanishwa. Tunapendekeza maji yatolewe ……. Wenye viwanja na miti wameridhia kwa saini. Wakaazi tutachangia ……*

*Tunaomba mtaalamu wa Baraza aje kukagua. Wa kumwonesha njia ni ……, simu ……*

Kwenye "tutachangia" andikeni kitu mnachokiweza kweli: kuchimba siku za ujenzi wa taifa, mchanga, chakula cha mafundi. Ambatanisheni picha, ramani ya mkono, kumbukumbu ya mkutano, ridhaa na vipimo. Ramani ya mkono haina aibu, mradi ioneshe kaskazini, msikiti, skuli na mshale wa maji.

Toeni nakala tatu. Moja ni ya Baraza, ya pili ya diwani wa wadi yenu, ya tatu yenu wenyewe, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye masjala. Bila muhuri huo hamkupeleka kitu. Diwani ndiye atakayelisema ombi kwenye kikao, kwa hiyo akaione njia ya maji kwa macho yake. Mwakilishi naye anaweza kusaidia kipande kidogo kupitia mfuko wa jimbo, ila msimpelekee yeye kwanza mkaacha Baraza, mtaro utakosa mwenyewe wa kuusafisha.

Baada ya wiki tatu hivi rudini kuuliza jalada liko kwa nani, na mtaje tarehe ya muhuri. Mkaguzi akija, mpitisheni njia nzima kutoka juu.

Ukikubaliwa

Kabla fundi hajaanza, kila nyumba ikaguliwe bomba lake la choo linaelekea wapi. Mtaro mpya huvutia mabomba ya siri usiku, na likishaingia moja yatafuata mengine. Kubalianeni mbele ya sheha kwamba atakayeunganisha karo ataziba kwa gharama zake, mkaandike na majina.

Na kabla ya kazi kupokelewa, ombeni mtaro umwagiwe maji mbele yenu, pipa zima kutoka juu. Yakituama popote, hapo sakafu haikulazwa sawa. Msisaini mpaka ivunjwe na kulazwa upya.