Somo: Siku mbili Tukuyu, kati ya mashamba ya chai na maziwa ya volkano

Anayeingia Tukuyu, mji wa Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, kwa mara ya kwanza huona mashamba tu: chai, migomba, miparachichi na viazi, vyote vimebanana hadi ukingoni mwa barabara. Mashamba hayo na vivutio vya somo hili vina asili moja, kwani volkano zilizourutubisha udongo wa Rungwe ndizo zilizoacha maziwa ya kreta (mashimo ya volkano yaliyojaa maji) na daraja la mwamba. Kwa hiyo usitenganishe safari ya shambani na ya vivutio.

Hatua ya kwanza: msimu. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na ifikapo Aprili njia za udongo huteleza vibaya. Nenda kati ya Juni na Oktoba, ila beba sweta nzito, maana Juni na Julai baridi ya huko si ya mchezo.

Hatua ya pili: usafiri. Kutoka Mbeya mjini ni kilomita 70 hivi za lami, kupitia Uyole, kwenye barabara iendayo Kyela na mpakani Kasumulu. Mabasi madogo yapo, kaa dirishani.

Hatua ya tatu: Ziwa Ngosi. Wengi hukosea kwa kwenda kulala Tukuyu kwanza, ilhali ziwa hili liko njiani, hivyo ni bora kushuka Isongole alfajiri ukitokea Mbeya. Tafuta mwongozaji wa kijijini, lipa kiingilio na udai risiti. Bodaboda hukufikisha chini ya mlima, na kuanzia hapo ni miguu yako, katika msitu wenye migomba pori na mizizi iliyokatiza njia, hadi utokee ghafla kwenye ukingo wa kreta na kuliona ziwa mbali chini yako, lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Safari yangu ya kwanza nilifika saa nane mchana nikaona ukungu mtupu, kana kwamba ziwa halikuwahi kuwapo. Tangu hapo sijawahi kuanza kupanda baada ya saa mbili asubuhi. Kuteremka hadi majini sikushauri, kwa kuwa mteremko ni mkali mno.

Hatua ya nne: Daraja la Mungu na Kijungu. Siku ya pili, ukitokea Tukuyu, rudi kuelekea Mbeya hadi kijiji cha Kibwe kisha ufuate njia ya Mto Kiwira. Lava iliyoziba bonde ilipoa ikawa tao la mwamba, ndilo Daraja la Mungu, na mto ukaendelea kupita chini yake. Mbele zaidi ni Kijungu, ambako mto hujibana na kutumbukia katika shimo la mwamba lenye umbo la chungu. Njia hupitia eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Omba ruhusa getini na usipige picha za majengo.

Hatua ya tano: shambani. Usiingie kwenye mistari ya chai bila idhini ya mwenye shamba. Ukimsalimu mwenyeji "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa, maelezo ya jinsi ya kuchuma majani mawili na kichipukizi chake utayapata bila kuomba mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nina mtoto wa miaka saba. Je, Ngosi ataiweza?
Jibu: Ndugu yangu, atachoka kabla ya nusu ya njia na utambeba wewe. Mpeleke Daraja la Mungu, na umshike mkono muda wote, kwa sababu mawe ya kandokando ya mto huteleza.

Swali: Nimesikia kuna nyani wa pekee huko. Naweza kumwona?
Jibu: Ni kima aitwaye kipunji, aliyegunduliwa na watafiti mwaka 2003 na kutangazwa rasmi 2005. Huishi juu kabisa ya miti katika msitu wa Mlima Rungwe na ni mwoga, kwa hiyo tenga siku nzima pamoja na mwongozaji, na uwe tayari kurudi bila kumwona.

Swali: Maporomoko ya Kaporogwe yanaingia katika siku hizo mbili?
Jibu: Hapana. Yako upande wa kusini wa Tukuyu, na sehemu ya njia ni ya vumbi. Ongeza siku ya tatu.